Kura ya Springi za Pijo

Jumatatu, 5 Julai 1993

Makomredi, wana wa jasho na wa madaftari, ninyi mliobaki chuoni na ninyi mliotawanywa mikoani kama mimi — nawasalimu. Najua hamnisikii. Mkono umeandika salamu kwa mazoea tu. Tangu nisimamishwe masomo sijapata jukwaa jingine isipokuwa kreti la soda lililopinduliwa, katika gereji ya Mjomba Eustaki, hapa Milanzi, Sumbawanga.

Baridi ya Ufipa haina itikadi. Nimevaa sweta mbili na bado meno yanagongana.

Leo tumeinua hedi ya Pijo, kile kichwa cha injini. Niliandike jambo hili vizuri tangu mwanzo. Kampuni ya usafirishaji ambayo Mjomba, Fundi Zephania na Malimi waliitumikia ujana wao wote ilivunjwa mwaka juzi kwa jina la mageuzi. Kiinua mgongo hakikuwapo. Wakapewa pikapu moja, Pijo 504, kwa watu watatu: dereva, fundi na utingo. Mmoja aliyeliendesha, mmoja aliyelitengeneza, mmoja aliyelipakia. Serikali ikapeana nao mikono, ikapanda ndege ikarudi Dar es Salaam.

Lakini gari lenyewe si la kudharau. Meneja wa mwisho alikuwa mpenda mashindano, akalifungia kamshafti ya magari ya mbio — ule mhimili wenye vinundu unaozifungua valvu, vilango ambavyo injini hupumulia. Vinundu vya huu ni virefu kuliko vya kawaida. Likiwa zima, Pijo hupanda mlima wa Kabwe kana kwamba kuna mtu analiita kule juu.

Sasa si zima. Kila Mjomba alipokanyaga mafuta kwa nguvu, injini ilikohoa na kukata. Chini ya hedi tumekuta sababu: springi za valvu zimechoka, na moja imekatika kabisa. Kazi ya springi ni kuirudisha valvu mahali pake kwa wakati. Ikilegea, valvu huchelewa kufunga, nguvu inatoroka, gari linabaki na kelele.

Na wakati hatuna. Jumamosi ya wiki ijayo, akina mama wauza samaki wa sokoni watapakia migebuka wao Kabwe, kule ziwani, nusu kwenye Pijo, nusu kwenye pikapu mpya ya mfanyabiashara Ndalahwa. Magari yataondoka pamoja alfajiri. Litakalofika Sumbawanga kwanza, samaki wakiwa bado wabichi, ndilo litakalobeba mzigo wao msimu wote. Ndalahwa akishindwa, ana mashine ya kusaga, ana ng'ombe, ana duka. Wetu wakishindwa wana Pijo lisilo na kazi.

Nimeyaeleza haya gereji kwa sauti. Fundi Zephania akasema tunayajua, Komredi, shika tochi.

Jumanne, 6 Julai

Malimi amerudi kutoka Mbala, ng'ambo ya mpaka, na mfuko wa rambo mkononi. Ameumwaga mezani kama mtu anayemwaga viazi. Springi! Nene, nzito, zimepakwa rangi ya buluu. Zimetoka kwenye gari la mashindano lililofia huko Zambia. Mikono yote imezikimbilia. Hata wangu.

Kwa hiyo tuna mafungu matatu mezani. Za zamani za Pijo lenyewe, tukichanganya na za hedi mbovu iliyokuwa uani. Mpya kutoka Mbeya, ndani ya boksi lenye picha ya simba. Na hizi za Mbala.

Za Mbeya zimejiondoa zenyewe. Asubuhi nilizibana kwenye jiriwa hadi zikafupika kama zitakavyofupika ndani ya injini, nikaziacha hivyo tukala, tukanywa chai. Nilipozifungua hazikurudi kwenye kimo chake. Fundi amezitazama kwa huruma.

"Zimelala," akasema. "Hizi ni za kuning'inizia pazia mlangoni, bibi harusi apite chini."

Ndiyo soko huria hilo: simba kwenye boksi, ndani paka. Nimelisema kwa sauti, wakacheka. Nimelipenda, nimeliandika.

Za zamani Fundi amezipima kwa namna yake. Anaifunga springi kwa uzi wa katani, anaining'iniza, anaigonga kwa spana, anafumba macho na kusikiliza. Nzima inalia muda mrefu. Moja ilijibu kama kikombe chenye ufa. Sikukubali kirahisi. Niliichovya kwenye mafuta ya taa, nikaipangusa, nikaipaka vumbi la chaki, nikasubiri. Mstari mwembamba ukajitokeza kwenye chaki, mafuta yakitoka ndani ya ufa. Yeye kausikia, mimi nimeuona. Tulitazamana kama watu waliokutana njia panda wakitokea vijiji tofauti.

"Babu zangu waliyeyusha chuma kwenye malungu, zile tanuri za udongo," akaniambia, "wakati babu yako anachunga mbuzi."

Babu yangu na babu yake ni wa kijiji kimoja. Nimemwacha.

Jumatano, 7 Julai, Sabasaba

Mji wote umekwenda uwanjani kwenye sherehe. Sisi tumefunga mlango wa gereji na kufanya mkutano.

Wazo ni langu. Gari ni la pamoja, kwa hiyo uamuzi uwe wa pamoja. Kwa miaka yao yote kazini hakuna aliyewahi kuwauliza hata rangi ya maturubai. Nimesema springi zichaguliwe kwa kura. Wakanipa na mimi kura moja kwa kuwa nimeshika spana. Malimi alifurahi kuliko wote. Ameleta benchi kutoka kwa jirani, akalifuta vumbi.

Fundi Zephania alisimama kutetea za zamani, zile nzima, tuziwekee washa, vile vipete bapa vya chuma, chini yake zirudishiwe kimo. Hoja yake dhidi ya za Mbala ilikuwa fupi. "Sijui kabila la chuma hiki."

Nilipanda juu ya kreti. Makomredi, niliwaka. Niliwaambia watu hawa watatu wameishi na vitu vilivyochoka: matairi yaliyochoka, sare zilizochoka, ahadi zilizochoka. Je, siku ya kushindana na mwenye gari jipya tutoke tena na springi zilizochoka, tumeziinua visigino kwa washa ili zionekane ndefu? Nikashika springi ya Mbala mkono wa kulia. Nikasema hii haijui kulegea. Hii hailali. Mlima wa Kabwe ukisukuma, hii itasukuma zaidi.

Malimi alipiga makofi peke yake, kwa nguvu ya watu kumi.

Kura: Malimi na mimi, za Mbala. Fundi, za zamani. Mjomba Eustaki hakunyoosha mkono wala huku wala huko. Nilimuuliza, akasema mimi naendesha tu, mama.

Nimesoma azimio. Nimeongeza kanuni, maana mkutano usio na kanuni ni kijiwe: azimio la mkutano halitenguliwi na mtu mmoja, hata awe nani, ila na mkutano mwingine. Malimi aliniomba nirudie hiyo ya mwisho. Nikairudia. Akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayetia kitu mfukoni.

Ijumaa, 9 Julai

Habari imetoka. Fundi Zephania alishindwa kwenye kura Jumatano. Leo yeye ndiye msemaji mkuu wa springi za Mbala. Kwa kinyozi, kwa muuza magazeti, kilabuni. Milanzi yote inajua kwamba Pijo limefungwa vyuma vya gari la mashindano. Watoto wanachungulia.

Ndalahwa mwenyewe alipita alasiri. Amesimamisha pikapu yake nje, injini inaunguruma kwa adabu, akaingia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, binti msomi. Kisha akamgeukia Malimi. Wote ni watu wa kule Usukumani, familia zao zilishuka huku na ng'ombe.

"Malimi. Baba yako yuko Milepa anahesabu mikia, wewe uko hapa unahesabu bolti za Wafipa."

"Ng'ombe wa baba hawanywi dizeli, kaka. Wako wanakunywa."

"Ndizo hizi springi?"

"Zishike. Usiogope, hazing'ati."

Alizishika. Alijaribu kuiminya moja kwa kidole gumba na cha shahada, ikakataa kabisa. Alipotoka nilimwona akipiga teke gurudumu lake mwenyewe, taratibu, kama anayeliuliza swali.

Baadaye Mama Silvana alikuja kutoka sokoni, mwenyekiti wa akina mama, kitenge cha pili kimefunikwa mabegani kwa baridi. Amesema akina mama wamekaa. Kwa habari walizozisikia, Jumamosi hawatagawa mzigo. Matenga yote yatapanda Pijo. Ndalahwa aondoke mtupu akitaka kushindana.

Niliona ni ushindi. Nilianza kumweleza maana yake kwa wachuuzi wadogo.

"Mwanangu," akanikata, "mimi springi siili. Mgebuka akifika jicho limezama, hanunuliwi. Wenzangu wengine wameweka humo chakula cha nyumba. Mtafika?"

Nikasema tutafika. Nilisema kwa sauti ile ile ya juu ya kreti.

Jumapili, 11 Julai

Baada ya misa tumekaa uani kwa Mjomba, kwenye jua. Ugali wa ulezi, maharage. Shangazi yangu amekwenda kwa mgonjwa. Upepo umetulia, jambo la nadra Julai.

Nilimuuliza kwa nini hakupiga kura. Mjomba akiulizwa jambo huliendea kwa kuzunguka, kama anavyokwepa mashimo barabarani.

Kasema kuna kona moja kwenye mlima wa Kabwe, karibu na kileleni, ziwa likiwa nyuma yako lote. Pale unaingia na gia ya pili, mguu umekanyaga mafuta hadi mwisho, na huwezi kubadili gia mpaka uitoke. Ukibadili, mzigo unakuvuta. Injini ikikata pale, gari halisimami. Linarudi. Breki za mkono za Pijo anazijua yeye na Mungu wake.

"Wiki ile ilipokohoa nilikuwa nimekwishaitoka," akasema. "Hatua chache tu."

Hakunieleza hivyo siku ile. Alisema tu gari linakohoa.

"Sasa nikipiga kura, halafu nikarudi kinyumenyume, nitajilaumu mimi. Nisipopiga, nitawalaumu ninyi. Ni afadhali." Akacheka. Akanipakulia maharage mengine.

Sikucheka vizuri. Tangu nifike hapa nimeusema mlima ule mara nyingi, mlima wa mfano, mlima wa kila hotuba. Sikuwahi kuuliza kona zake.

Jumatatu, 12 Julai

Siku fupi, ya kazi.

Fundi amesaga valvu kwenye viti vyake kwa mkono, mwendo wa taratibu, mpaka pete ya kijivu ikatokea pande zote sawasawa. Mikono yake ni mizuri kutazama. Mdomo wake haunyamazi.

Nilifanya jaribio la jiriwa. Unaweka springi mbili kichwa kwa kichwa, washa katikati, unazibana pamoja. Iliyo dhaifu inajikunja kwanza. Springi ya Mbala dhidi ya ya zamani: ya zamani ilifupika, ikafupika, ikabanwa hadi kugusana, ya Mbala ikiwa karibu kimo chake kilekile. Malimi akashangilia kama mpirani. Vijana wa mtaani waliokuwa mlangoni wakashangilia naye.

Nilisikia nderemo, nikajisikia vizuri. Kisha nikawa nimeshika mpini wa jiriwa na swali ambalo jaribio lile halijibu. Limenionyesha ipi inashinda ipi. Halijasema Pijo linahitaji ipi.

Kesho tunangoja gasketi mpya, ya kuziba kati ya hedi na injini. Keshokutwa tutapima kwenye injini yenyewe.

Jumatano, 14 Julai

Niandike kwa utulivu.

Tumeweka hedi juu ya injini kwa muda, na gasketi ya zamani (mpya tumeihifadhi), springi za Mbala zikiwa mahali pake. Si kufunga, ni kupima. Nilishika spana ndefu na kuizungusha injini kwa mkono, polepole, huku natazama valvu zinavyoshuka na kupanda. Kamshafti ya mashindano huzishusha valvu chini sana kuliko ya kawaida. Hilo tulilijua tangu mwanzo. Valvu ikishuka sana, springi nayo hubanwa sana.

Jua la asubuhi huingia kupitia mlango wa gereji na kufika mpaka mezani. Niliinama ili springi iwe kati ya jicho langu na mwanga. Valvu ikiwa imefungwa, mwanga ulipita kati ya duara na duara. Nikazungusha. Nafasi zikapungua. Nikazungusha tena. Spana ikawa nzito. Mwanga ukaisha.

Hakuna nafasi. Chuma juu ya chuma. Springi imekuwa bomba, na kinundu cha kamshafti bado hakijafika mwisho wa safari yake.

"Sukuma," akasema Fundi. "Imekaza kwa sababu ni mpya."

Nikasema tusubiri. Malimi akaipokea spana, akasukuma kwa mikono yake ya kupakia magunia. Kitu kikatoa sauti ndogo, kavu. Tulipotoa pushirodi ya valvu ile — ule ufito mwembamba unaoisukuma — tuliiviringisha mezani. Ikawa inaruka kidogo kila mzunguko. Imepinda.

Hiyo ni kwa mkono, injini imelala. Je, kwenye ile kona, gia ya pili, mguu umekanyaga hadi mwisho?

Fundi ameutia ufito kwenye mfuko wa koti lake, hakusema kitu. Kwa Zephania hiyo ni hotuba.

Nilimwambia Malimi hapohapo kwamba za Mbala hazifai. Ngumu kweli, lakini duara zake ni nene na nyingi. Hazina mahali pa kwenda. Turudi kwenye za zamani zilizopimwa, na washa nyembamba. Zitafanya kazi sawasawa ikiwa Mjomba hatapandisha mzunguko kupita kiasi.

Malimi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine.

"Dada Rhoda. Tulipiga kura."

"Najua. Lakini nimepima."

"Kazini pia walikuwa wanapima. Tunakubaliana jambo, kesho anakuja bwana mmoja na karatasi, kapima, limebadilika. Wewe ulisema azimio halitenguliwi na mtu mmoja, hata awe nani. Nilikuomba urudie. Ulirudia."

Majibu nilikuwa nayo mengi, na yote yalikuwa yale ya mabwana wenye karatasi.

Alhamisi, 15 Julai

Kesho mchana Pijo lazima lishuke Kabwe. Hedi haijafungwa.

Ningeweza kuzibadili springi mwenyewe leo, Malimi alipokwenda sokoni kutafuta kamba za matenga. Fundi angenisaidia au angegeuza uso. Kifuniko kikishafungwa hakuna anayeona ndani. Nilisimama mbele ya meza na kulifikiria kwa dhati. Halafu nikafikiria jinsi nilivyosimamishwa masomo: kikao tusichoalikwa, watu waliokuwa na hakika kwamba wanajua zaidi yetu. Pengine kuna mambo waliyoyajua kweli. Hiyo haikuwapa haki.

Nikaenda kwa kila mmoja.

Fundi Zephania nilimkuta kwa kinyozi, ananyolewa ndevu. Hawezi kurudi nyuma, kasema. Mji mzima umeambiwa. "Nikisema leo ni zilezile za zamani, Ndalahwa atacheka mpaka ng'ombe wake wacheke. Na akina mama watagawa mzigo tena." Nikamwambia afadhali wagawe. Akaniuliza, kwani yule mama wewe ulimwambia nini? Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa koti muda wote, na najua ulikuwa umeshika nini.

Kwa hiyo kutoka pale nikaenda moja kwa moja sokoni, kabla ya kumtafuta Malimi. Nimemweleza Mama Silvana wazi. Springi zile huenda zisitumike. Tukitumia za zamani, Pijo litafika, ila mlimani halitakimbia kama nilivyomwahidi, na Ndalahwa anaweza kutangulia. Alikuwa anapanga dagaa mafungu mafungu. Aliendelea kuyapanga.

"Mbona unaniambia?"

"Kwa sababu uliniuliza kama tutafika, nikakujibu kabla sijajua."

Alipanga fungu la mwisho. "Nitawaambia wenzangu. Wataamua wao. Na sisi tuna mkutano wetu," akasema, na sikujua kama ananitania.

Malimi nilimkuta njiani, kamba begani. Sikumhubiria. Nilimwambia yuko sahihi kuhusu kanuni, mimi ni mmoja, kwa hiyo naitisha mkutano mwingine. Akauliza kama nitapanda kwenye kreti. Nikasema hapana, kreti litakuwa nje.

"Basi nitakuja," akasema. "Ila kura yangu iko palepale, Komredi, mpaka nione kwa macho. Hotuba yako ya kwanza ilikuwa tamu mno."

Nimehesabu mikono, siwezi kujizuia. Malimi, za Mbala. Fundi, kwa aibu, huenda za Mbala. Mimi, za zamani. Hedi nimeirudisha juu ya injini kama jana, springi za buluu mahali pake, na pushirodi nyingine. Atakayetaka ataishika spana, atainama, atatazama mwenyewe kama kuna mwanga unaopita au haupiti. Sitasema neno mpaka wote wawe wameinama. Hilo nalo litakuwa la kihistoria.

Mjomba Eustaki amepita jioni, jua likiwa bado juu ya paa za Milanzi. Amenikuta nikiandika mlangoni kwa chaki. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Akaenda ndani. Akaishika spana ile ndefu, hakuizungusha, aliipima tu uzito wake, akairudisha mezani.

"Jua linaingia humu saa ngapi?"

"Saa tatu, Mjomba. Linafika mpaka kwenye injini."

"Na kura, mtu ananyoosha mkono upi?"

Nikasema wowote. Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake ya kampuni, ile ambayo nembo imechanika nusu, akaondoka bila kuniambia kama safari hii atapiga kura.

Mlangoni nimeandika hivi, na hapa nanakili:

MKUTANO. Kesho Ijumaa. Saa tatu kamili asubuhi, mlango ukiwa wazi. Kila mwenye kura aje na jicho lake.